Fungu Langu Limehama

Jumatatu, 6 Machi 1905
Nimetajirika! Mto Matandu umenitemea fungu la tope, jekundu, laini kama uji. Kwetu ardhi mpya ya mtoni ni ya atakayetangulia kupanda mpunga. Nimetangulia! Yunusu wa kule chini alikuwa bado anakoroma. Mzee Mfaume kasema mwenye fungu ndiye atakayemwoa bintiye Kadija. Pole, Yunusu.

Jumatano, 15 Machi
Mpunga umeota. Kadija kapita na mtungi, akauliza huo ni wa kuku mmoja au wawili. Imeniuma. Nikapanda huko juu kwa bibi kutafuta tope zaidi. Lahaula! Kilima alichokinyoa akida wa Wadachi ili watu walime pamba yake kinavuja damu. Vijito vinaingiliana, vinashuka pamoja mpaka kwenye matete. Hapo maji huingia mekundu, hutoka karibu meupe. Kumbe shambani kwangu nakanyaga kilima cha watu! Sikulijua hilo, mimi niliyesoma shule ya Wadachi mwaka mzima. Bibi kasema matete yale ndiyo yanayoshika udongo, hayakatwi, hata marehemu babu hakuthubutu. Nikamwitikia vizuri. Nikaazima panga lake.

Jumamosi, 18 Machi
Nimekata njia katikati ya matete, udongo wote unishukie. Akili hizi hazifundishwi! Wingu zito huko juu.

Jumapili, 19 Machi
Kilima kizima kimepita mbele yangu. Udongo, visiki, miche ya pamba ya akida. Nikapiga kelele: tua hapa! Hakikutua. Kikazoa na fungu langu, mpunga umesimama wima juu yake kama abiria. Subhanallah, ulivyopendeza! Nikaupungia mkono. Mimi!

Ijumaa, 24 Machi
Fungu limetua kwa Yunusu. Na mpunga wangu juu yake! Nikadai kwa Mzee Mfaume kwamba mkono uliotangulia kupanda ni huu. Akauliza, na pale kwa Yunusu nani kaupanda? Nikajibu, mto. Akasema basi mto ungeozeshwa, ila hauna mahari. Yunusu ndiye aliyepanda kujazia mapengo, Kadija ni wake. Kadija kacheka mpaka mtungi ukamwagika. Bibi naye analia, mihogo yake imefukiwa. Anataka panga.

Jumamosi, 25 Machi
Nimefuata maji mpaka yanapoingia baharini. Bahari imekuwa nyekundu mpaka macho yanapokoma! Vilima vyote vya bara vimeshukia hapa, vimekaa kimya, na hakuna aliyepanda hata punje. Kadija ana mdogo wake, hajaposwa. Nimeazima mbegu kwa Yunusu.