Nilivyoeleza Wimbo kwenye Harusi ya Dorika

Jumatano, 6 Agosti

Mazoezi ya kwaya. Edward, mwalimu wetu, kanipanga tena nyuma, karibu na spika. Anasema sauti yangu ni nzuri ikiwa mbali. Wivu! Tangu alete kinanda kipya, akina mama wote wa parokia yetu ya Mlabani wanamwita “mwalimu” kwa sauti ya asali. Mimi Fulgensi, fundi baiskeli, naitwa “wewe”.

Lakini nina mpango. Watu wanaimba nyimbo za zamani bila kujua zilitoka wapi. Nani alitunga? Alikuwa amepatwa na nini? Nimemwomba padre niwe nasimama kabla ya wimbo, nieleze kisa chake. Kakubali, ila niwe mfupi. Mfupi! Mimi!

Jumapili, 10 Agosti

Ushindi! Nimeeleza wimbo wa matoleo. Kisa chake sikukipata popote, basi nikakipika mwenyewe: mtunzi alikuwa mwoka mikate, duka likashika moto, akawa anaimba huku akimwaga maji. Bibi mmoja akafuta machozi. Edward kasubiri vidole juu ya kinanda mpaka vikafa ganzi. Baada ya misa Aurelia, anayeongoza sauti ya kwanza, kanisalimia kwa jina. Jina zima!

Jumamosi, 16 Agosti

Balaa.

Dorika, binti wa mzee Limbu, mfugaji wa Kisukuma anayekaa Kibaoni, alikuwa anaolewa na Nickolaus, Mpogoro mwenzetu. Wimbo wao ulikuwa wa furaha tupu. Nikaona kisa kinahitaji chumvi. Nikasema mtunzi aliutunga siku bibi harusi wake alipomwacha altareni, akatoroka na mpiga kinanda. Nilitaka kumchoma Edward tu!

Nickolaus akamtazama Dorika. Kisha akamtazama Edward. Edward akaondoa mikono kwenye kinanda kana kwamba kina umeme. Mzee Limbu akasimama na fimbo yake, akauliza ni nani huyo anayesema binti yake ni mtoro. Nikapiga magoti nyuma ya spika, nikajifanya nasali.

Aliyetuokoa ni Dorika. Aliinua shela, akasema kwa sauti iliyofika mlangoni, “Baba, keti. Mwalimu, piga. Mimi nitoroke vipi, na viatu vyenyewe vinanibana?”

Kanisa likaangua kicheko. Nickolaus alicheka mpaka akashikilia benchi. Wimbo ule haujawahi kuimbwa vile! Vigelegele mpaka nje. Hata mzee Limbu aliimba. Sifa zote kapewa Edward.

Jumapili, 17 Agosti

Padre kaninyang'anya kazi ya kueleza nyimbo. Sasa napanga viti. Nimemwamkia mzee Limbu shikamoo, akapita. Nikarudia. Akageuka: “Marahaba, mtangazaji wa watoro.”

Nikiwa kwenye viti akaja mama Mariana wa sauti ya pili. Akaniuliza kwa nini natunga uongo. Akasema ule wimbo wa jioni tunaoufungia ibada, mtunzi wake hamjui. Anachojua ni kwamba walipokuwa wakiishi Chita, yeye akiwa mtoto, mafuriko yalichukua mpunga wote, wakapanda juu ya paa kusubiri mtumbwi. Mama yake akaanza kuuimba. Alikuwa anatetemeka, lakini aliuimba mpaka watoto wakaacha kulia. Kwake yeye, hicho ndicho kisa cha wimbo, na hiyo ndiyo maana yake.

Nikakalia kiti nilichokuwa nakipanga. Nikamwomba anisimulie tena, nisikilize. Mimi!

Jumanne, 19 Agosti

Mama Mariana kaniombea kwa padre! Jumapili nitaeleza kisa cha mama yake, kama alivyonisimulia, bila kuongeza kitu. Nimeapa mbele ya wote wawili. Aurelia alikuwa anapita, akatabasamu.

Nimejizoeza kwa sauti hapa kibandani, katikati ya baiskeli. Kisa kizuri. Kinagusa. Nimetokwa na machozi mwenyewe. Ila kinaisha haraka mno! Paa, maji, mtumbwi, basi?

Nimeongeza kiboko. Mmoja tu, mpole. Anaimba besi.