Mfuko kwa Mfuko

Hakuna aliyemwita, lakini mgeni aliingia mjengoni kama mtu aliyechelewa kwenye kikao chake mwenyewe. Alivaa kofia ngumu nyeupe na viatu vya ngozi vinavyong'aa. Mwenye nyumba, aliyekuwa akiwafokea mafundi kwa kumaliza saruji, alinyamaza. Kofia nyeupe humnyamazisha yeyote anayejenga bila kibali.

"Shikamoo mzee. Naona saruji inakutafuna."

"Marahaba. Nani wewe?"

"Wananiita Injinia." Hilo lilikuwa kweli. Walimwita. Shule ndiyo haikumwita.

Akafungua mfuko wa unga wa kijivu. "Chupa mbovu, mzee, zimesagwa mpaka zikalainika. Saruji sehemu nne, huu sehemu moja. Zege linakuwa gumu zaidi na jalala linapumua."

Maneno hayo aliyasikia redioni akinyolewa, na hakuamini hata moja.

"Unauzaje?"

"Sitaki hela, mzee wangu. Mfuko kwa mfuko. Nipe saruji, nikupe unga."

Mwenye nyumba alitazama mbali, vile watu wema hutazama wanapojiwa na wazo baya. "Una roho nzuri, kijana. Ngoja nikutolee stoo mwenyewe."

Wakaagana, kila mmoja akimhurumia mwenzake.

Chupa zile alizisaga shangazi yake Injinia, kwa mashine chakavu iliyokwisha kustaafu nafaka. Malipo yake yalikuwa ahadi moja: kabla ya mvua, chumba chake kidogo cha jiko, chenye udongo chini, kipate sakafu ya zege. Mvua zilizopita aliteleza humo akaumia nyonga, na tangu hapo alipika huku ameshika ukuta.

Injinia alikoroga saruji yake kwa mchanga na kokoto, akamwaga, akasawazisha. Kesho yake shangazi alijaribu kwa fimbo. Fimbo ikazama.

"Mwanangu, hii sakafu au uji?"

Injinia akafungua mfuko mwingine, akanusa. Jivu. Mifuko yote ilikuwa jivu, imeshonwa upya kwa mkono wa subira. Akaufunga tena taratibu, kwa heshima, kama mtu aliyekutana na mkubwa wake kazini.

Alimkuta mwenye nyumba akigonga ukuta mpya kwa nyundo. Nyundo ilikuwa ikidunda bila kuacha alama.

"Injinia, unga wako kiboko. Umebaki?"

"Mzee, ulinipa jivu."

"Na wewe ulinipa chupa. Tofauti ni kwamba wewe ulisema kweli."

Injinia akageuka kuondoka. Mtu haendi polisi kulalamika kwamba ukweli umemponyoka.

Mawingu yalikuwa yanajikusanya. Akapita kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Mwenye duka alijaribu kofia kichwani, kisha viatu, akatembea navyo mpaka mlangoni na kurudi.

"Bila hivi utafanya kazi gani?"

"Sijui bado."

Akatoka pekupeku, mfuko wa saruji begani. Alizoa uji wa jivu wote, akapima upya: saruji sehemu nne, unga wa chupa uliobaki sehemu moja. Safari hii alipima kwa makini, kama anayeamini.

Mvua ilipofika, sakafu ilikuwa imeshika. Shangazi aliachia ukuta, akavuka jiko lake taratibu, akarudi, akavuka tena. Ndipo akamwangalia mpwa wake juu hadi chini.

"Kofia yako iko wapi? Na vile viatu?"

"Umevikanyaga, shangazi."