Naweza Kufanya Kazi Chini ya Presha

Jumamosi, 7 Juni

Hili sijawahi kumwambia mtu: nafanya mazoezi ya usaili mbele ya mbuzi wetu. Mbuzi hacheki. Binadamu wanacheka.

Steshenari ya Mama Felisita, karibu na stendi ya Bariadi, inatafuta mwanafunzi wa kusaidia likizo hii. Kutoa kopi, kukaa kivulini, kunusa karatasi mpya! Nisipopata, Jumatano naenda Kasoli kumchumia pamba mjomba Mashimba, ambaye haamini kwamba kusoma ni kazi. Mama amesema hakuna mjadala.

Nimeazima simu ya dada. Mtandaoni kuna majibu bora ya usaili, yote ya Kiingereza. Nimeyatafsiri mwenyewe. Mbuzi kasikiliza mpaka mwisho. Dalili njema.

Jumapili, 8 Juni

Janga! Winnie wa darasani kwetu naye anaitaka kazi. Winnie, ambaye kitabu anakitumia kujipepea! Baada ya ibada kaja kuniuliza usaili unakuwaje, eti mimi ndiye profesa. Nikapata wazo la kishetani. Nikamwambia akiulizwa udhaifu wake aseme ukweli mtupu: kwamba anaongea sana. Akanishukuru, akasema mimi ni kaka wa kweli. Nimejisikia vibaya kidogo. Kisha nikaenda kwa mbuzi.

Jumatatu, 9 Juni

Usaili. Shati limepigwa pasi mpaka linasimama lenyewe. Nimemwamkia Mama Felisita, akasema niongeze sauti. Akauliza udhaifu wangu. Nikajibu napenda ukamilifu kupita kiasi. Akasema hajaelewa, ila tuendelee. Kwa nini anichague mimi? Hapo ndipo! Nikavuta pumzi, nikatamka jibu langu bora kuliko yote: naweza kufanya kazi chini ya presha.

Akashika kifua. Akauliza presha imenianza lini. Nikasema tangu shule ya msingi, na huwa nafanya vizuri zaidi inapopanda. Akasema pole mwanangu, hata marehemu mume wake alikuwa anasema hivyo hivyo. Akanishika mkono, akanisindikiza polepole mpaka barabarani.

Bosi gani mwingine anasindikiza mtu? Nimepata!

Jumanne, 10 Juni

Sijapata. Kapata Winnie. Aliingia na salamu ya Kisukuma, "Mwangaluka, mayo," kama anaamkia mama yake mzazi, akasema udhaifu wake ni kuongea sana. Mama Felisita akacheka, akasema duka lilikuwa limepoa mno. Nilipopita leo kaniita mbele ya wateja: "Babu Elia! Umeshameza dawa?"

Habari imefika nyumbani kabla yangu. Mama kapika mchicha bila chumvi huku analia. Nikaona mwanga: mgonjwa wa presha hachumi pamba! Nikalegea kwenye kiti, nikaomba maji kwa sauti ya kuaga dunia. Kumbe nimezidisha. Mama akanikokota mpaka zahanati. Nesi akapima, akapima tena, akasema nina presha ya ndama aliyeshiba. Mama akaacha kulia. Akampigia mjomba palepale.

Alhamisi, 12 Juni

Kasoli. Mjomba aliuliza kama kazi ya shamba nitaiweza. Usaili mwingine! Nilikuwa tayari. Nikamwambia mimi ni mtu wa kupenda changamoto. Akashukuru kwa Kisukuma, wabeja, mpwa wangu, akasema changamoto anazo. Akanionyesha pembe ya shamba yenye mbigili ambayo wanawe wote wameikataa. Vidole vyangu vimechanika. Jibu halina kosa. Kosa ni la shamba.

Mchana tulipeleka pamba ghalani. Hapo nikamwona karani wa mizani: kiti, kivuli, kalamu sikioni. Maisha yangu yale! Mjomba alipokwenda kunywa maji nikamsogelea. Safari hii nilichagua maneno kwa uangalifu mkubwa. Hakuna presha, hakuna changamoto. Nikamwambia kama anahitaji msaidizi, mimi ni mtu wa kujitolea.

Uso wake ukang'aa. Akasema hakujua kama vijana wa hivyo bado wapo, nianze sasa hivi. Nimeajiriwa kwa jibu moja! Mambo ya malipo hakuyagusa, nami nikaona si adabu kuuliza.

Nikavua shati, nikabeba magunia mpaka jua likazama.