Barua ya Utambulisho kwa Programu Mgeni

Tunayo furaha kuutangazia umma wa Kigoma na Ujiji kwamba Kamati ya Dharura ya Kuonekana kwa Picha, chini ya uenyekiti wangu, imemaliza kazi yake kwa mafanikio makubwa.

Tatizo lilianza Jumatatu. Winfrida, mhariri wetu wa video ambaye mkataba wake ulikuwa unaisha Ijumaa, alifungua programu ya Linux ndani ya kompyuta yetu ya Windows. Ikagoma. Ikaandika kwamba haioni skrini. Skrini ilikuwa hapo hapo, imefutwa vumbi asubuhi hiyo.

"Bosi, haijaambiwa tu skrini iko wapi. Naandika mstari mmoja, imeisha hiyo."

Mstari mmoja! Bila kikao!

Nikamweleza kwa upole kwamba Linux ni mgeni ndani ya nyumba ya Windows, na mgeni yeyote, hata anayetoka ng'ambo ya ziwa, hutambulishwa. Jumanne tukajadili kama skrini ni mkazi wa Kasingirima ilikonunuliwa au Katubuka ilikofungwa. Jumatano tukabandika kwenye kioo cha skrini barua ya utambulisho yenye mihuri mitatu. Programu ikaendeleza ukaidi.

"Bosi, wageni waliotoa fedha za vichanja vya kuanikia dagaa wanakuja kesho kuona video yake," Winfrida akalia Alhamisi. "Isipoonekana, mkataba wangu ndo basi tena."

"Isipoonekana, umezembea."

Ijumaa, wageni wameshakaa, nikasaini kibali cha mstari mmoja.

"Skrini ipi, bosi?"

"Ile kubwa ya ukumbini. Na picha zote zionekane."

"Zote? Hata ambazo sijakata?"

"Zote! Tuna cha kuficha?"

Akaandika. Sekunde mbili, mwalo wa Katonga, wanakoshushia dagaa, ukajaa ukutani. Nilikuwa wa kwanza kupiga makofi. Akatokea Semeni, muuza dagaa, kando ya kichanja kipya, na sauti yangu ikasikika vizuri kabisa:

"Mama, ukishapigwa picha toa dagaa wako. Vichanja tumeazima, vinarudi saa kumi."

"He! Mzee, si mlisema ni vyetu?"

"Ni vyenu kwenye video."

Makofi yangu yakabaki peke yake.

Winfrida ameongezewa mkataba. Mimi nimehamishiwa ofisi nyingine, na hii ni wiki ya tatu nimesimama mlangoni. Nimewaomba waniambie tu meza yangu iko wapi.

Wamesema hilo linahitaji kikao.