Sikio Lisilotakiwa Kupona

Jumatatu, 3 Machi

Sikio limevimba. Hatimaye!

Ni la kulia, lile nililotobolewa wiki iliyopita kwenye saluni iliyo mkabala na kazini. Jekundu, la moto, na nikilala linapiga kama moyo umehamia huko. Mtu mwingine angenuna. Mimi nimepiga mluzi njia nzima mpaka zahanati, kwa sababu anayeosha vidonda pale ni mke wangu.

Niandike mambo yalivyo, maana hata mimi yananichanganya. Mke wangu amehamia kwa dada yake. Aliondoka siku nilipofungua redio ya marehemu baba yake ili niisafishe. Ilikuwa inaimba, nakubali. Lakini ilikuwa inaimba na vumbi ndani! Skrubu zilizobaki mezani zilipozidi zilizorudi mahali pake, akachukua begi. Hakupiga kelele, na hilo ndilo lililonitia hofu. Alisema tu kwamba mimi siwezi kuacha kitu kikakaa. Bomba la maji, jiko, bawaba za mlango, yeye mwenyewe. Kila kitu lazima nikichokonoe.

Hereni ilikuwa mpango. Anione nimekuwa mtu mpya. Nikawa napita mbele ya nyumba ya shemeji, huyo dada yake, upande wa kulia mbele, mpaka shingo ikakaza. Shemeji akatoka na ndoo akaniuliza kama nimelalia shingo vibaya. Mke wangu hakutoka.

Leo hakuwa na ujanja, ni kazi yake. Nilikaa kwenye benchi na kadi yangu kama wagonjwa wengine. Akalitazama sikio, akanitazama mimi, akavaa glavu. Hakuuliza habari za nyumbani. Akaosha kwa maji ya chumvi, taratibu, kidole chake kimeshikilia nyuma ya sikio langu. Muda mrefu sijaguswa na mtu. Machozi yakanitoka, nikasingizia chumvi.

Masharti yake: hereni isitolewe, tundu lisije likaziba na uchafu ndani. Isizungushwe. Nisipake spiriti, manukato wala dawa za kuambiwa na jirani. Ninawe mikono. Nilalie upande wa kushoto, kwenye foronya safi. Kila asubuhi nipite alioshe mpaka lipone, halafu basi.

Halafu basi! Neno hilo nimelirudia mchana kutwa.

Jumatano, 5 Machi

Jana aliniuliza kama nakula. Nikajibu kwamba nakula kidogo, kwa sauti ya mtu asiyekula kabisa. Leo kaniambia uvimbe unapungua, kwamba mwili wangu unapona haraka. Mwili wangu mwenyewe umenigeuka! Ukiendelea hivi, wiki ijayo sina sababu ya kukanyaga pale.

Nikafikiri njia nzima. Sikio lisipopona, nitamwona kila siku. Asubuhi zikiwa nyingi, atanizoea tena. Akinizoea, atarudi. Sioni kasoro hata moja.

Kazini niko duka la miwani. Mteja akitaka kuona fremu inavyokaa usoni, najivalisha mimi. Leo nimezipitia fremu zote nzito, na kila moja nimeubana mkono wake pale pale kwenye hereni. Bosi kafurahi. Anadhani nimeanza kuipenda kazi.

Ijumaa, 7 Machi

Limevimba upya. Safi sana!

Mke wangu kashangaa. Kaona kishikizo cha nyuma kinabana, akakilegeza. Kaniuliza kama ninaligusa. Nikasema hata kidogo. Si uongo, miwani ndiyo inayoligusa. Halafu, bila kuulizwa, akanieleza kwamba dada yake anakoroma mpaka vyombo vinatikisika kabatini. Tukacheka. Wote wawili, kwa pamoja, kwenye kile chumba kinachonuka dawa. Sikumbuki mara ya mwisho tulicheka lini.

Aliyetukatiza ni muuguzi mwenzake, jamaa mmoja mnene ambaye wagonjwa wanamwita Mikono Mizito. Simpendi. Anapita pita pale bila shughuli. Akachungulia sikio langu akasema masikio ya wengine waliotobolewa tarehe hizo hizo yametulia. Akaongeza kwamba pengine hereni ni ya madini mabaya, kwamba zile za bei ya chini huwa zinawasha ngozi vibaya sana.

Hilo sikuwa nimelifikiria. Nimemshukuru kwa moyo wangu wote.

Jumatatu, 10 Machi

Nimepata hereni mbaya. Ilikuwa kwenye sinia la muuza vitana, inang'aa kupita kiasi. Muuzaji mwenyewe hakujua ni madini gani. Nikamwambia hiyo hiyo.

Kuibadilisha ilikuwa mateso. Nilisimama mbele ya kioo cha bafuni, nikatoa ile nzuri, nikashindwa kuliona tundu, nikachoma pembeni, nikaona nyota. Lakini kufika asubuhi sikio lilikuwa linawasha na kutoa majimaji ya njano. Nikajikausha, nikaenda.

Mke wangu akauliza hii imetoka wapi. Nikasema ile nyingine imepotea. Kisha akafanya jambo ambalo sikulitegemea. Akatoa hereni ya sikioni mwake mwenyewe, ile ya kidoti, akaipeleka kwenye mashine ya kuchemshia vifaa, akasubiri, akanivalisha. Akasema hii haimdhuru mtu, ameivaa miaka yote. Alirudi kwa mgonjwa aliyefuata na sikio moja tupu.

Nimetoka nikitembea kama bwana harusi. Furaha ilidumu mpaka nilipofika kazini. Hereni nzuri kiasi hiki, si litapona?

Jumatano, 12 Machi

Linapona.

Nyumbani kumezizima. Naosha kikombe kimoja, nakianika, nakitumia, nakiosha. Upande wake wa kitanda sijaulalia hata mara moja. Nimejaribu kulalia sikio la kulia, usingizi haukuja, nikabaki nimeutazama ukuta. Nampenda mke wangu. Niliandika hivyo kwenye karatasi nikaitupa, ilionekana kama kazi ya mtoto wa shule.

Ile hereni yake siwezi kuitoa, mkono unakataa. Basi imebaki ngozi. Manukato yameisha. Dukani kuna chupa ya dawa ya kusafishia vioo vya miwani. Ina harufu ya spiriti.

Alhamisi, 13 Machi

Balaa.

Shemeji kaja dukani kuchukua miwani yake mpya. Mimi mwenyewe nimemvalisha. Mimi mwenyewe nimemuuliza kama anaona vizuri. Akasema anaona ajabu, mpaka nzi aliye dirishani. Nikamwomba asubiri risiti, nikaingia nyuma ya kabati, nikapuliza dawa sikioni mara mbili, nikang'ata leso ili nisipige ukelele, halafu nikaizungusha hereni kidogo ili dawa ipenye.

Duka la miwani lina vioo kila ukuta. Miaka yote nafanya kazi humo na leo nilisahau.

Nilipotoka nyuma ya kabati shemeji alikuwa amesimama palepale, kanikazia macho kupitia miwani niliyomchagulia. Akachukua risiti, akaikunja vizuri, akaenda zake. Nimebaki roho mkononi. Jioni tezi la shingoni limevimba na mwili unachemka. Sijui ni sikio au ni woga.

Ijumaa, 14 Machi

Mke wangu alifunga mlango. Huwa haufungwi.

Akauliza ni kweli au si kweli. Nikaanza kueleza kwamba chupa ile ina tatizo, inaruka yenyewe. Akainua mkono.

Akaosha kwanza. Usaha sasa, si maji. Akamwita daktari, daktari akaandika vidonge na kuuliza kama nilianguka kwenye kitu. Alipotoka, mke wangu akavua glavu na kunieleza, bila hasira, kama anayemsomea mtu matokeo. Kwamba siku ya kwanza nilipokuja na sikio, alimwambia dada yake hivi: huyu bwana akiweza kuliacha hili sikio likapona, hili tu, nitarudi nyumbani. Hakunieleza, kwa sababu ningegeuza kuwa mpango. Alitaka kuona kama kuna kitu hata kimoja duniani ninachoweza kukiacha.

Nikamwambia nilifanya vile ili nimwone. Akasema anajua. Akasema hilo ndilo linalomuumiza zaidi, kwamba mtu anampenda na bado hawezi kumsikiliza.

Akafungua mlango. Kuanzia Jumatatu nitaoshwa na Mikono Mizito.

Jumatatu, 17 Machi

Mikono Mizito anaosha sikio kama anayesugua sufuria lililoungua. Na anaongea! Leo kanieleza habari za goti lake mwanzo mpaka mwisho.

Mke wangu ameomba kuhamishiwa chumba cha chanjo, ng'ambo ya ua. Nimemwona mgongo. Alikuwa amembeba mtoto wa mtu anayelia, anambembeleza. Nimemeza vidonge vyangu na kwenda kazini.

Jumanne, 22 Aprili

Sijaandika kwa sababu sikuwa na la kuandika. Nimekwenda kazini, nimerudi. Vidonge vikaisha. Maji ya chumvi asubuhi na jioni, kwa kuwa Mikono Mizito aliamuru na mimi sikuwa na nguvu ya kumbishia. Miwani nimejaribisha kwa kuitundika sikio la kushoto tu. Bosi kauliza kama naumwa. Sikuwa na mpango wowote, wa mtu yeyote, kwa jambo lolote. Sikio lenyewe nililisahau.

Leo Mikono Mizito kalibonyeza mbele, kalibonyeza nyuma, kavuta hereni, kasema kwisha kazi. Hakuna uvimbe, hakuna ukoko, tundu limetulia. Akanipa mkono. Nilivyo mnyonge siku hizi, nusura nimkumbatie.

Nilikuwa navuka ua niliposikia jina langu. Mke wangu, mlangoni kwa chumba cha chanjo. Akaniambia nisogee kwenye mwanga. Akalitazama sikio mbele na nyuma, mikono ameiweka mfukoni mwa koti lake. Akauliza kama kweli sikuligusa. Nikajibu ukweli, kwamba sikuwa na moyo wa kuligusa. Akatikisa kichwa polepole. Nikaona midomo inataka kutabasamu na yeye anaizuia.

Akasema Jumamosi atakuja nyumbani. Nikauliza, kwa sauti iliyonikimbia, kama anakuja kuchukua vitu vyake vilivyobaki. Akasema hapana, anakuja na begi. Nisipike chochote cha ajabu, nisitengeneze chochote, nisipake rangi chochote. Nikae tu.

Nilikaa kwenye ukuta nje ya zahanati kwa muda.

Alhamisi, 24 Aprili

Nimefagia. Nimebadilisha shuka. Bawaba ya mlango inalia na sijaigusa! Nimeipita mara nyingi, mikono nyuma. Mtu mpya kabisa.

Ijumaa, 25 Aprili

Nimekuwa nikifikiri.

Jumanne alilitazama sikio bila kuligusa. Mikono mfukoni muda wote. Mbona hakuligusa? Kwa sababu ni zima. Sikio zima halimhusu mtu. Kesho ataingia, ataweka begi, atakaa kwenye kiti chake, tutatazamana. Halafu? Mimi si msemaji. Maneno yakiisha nitamshika na nini? Mchana wote nimejaribu mazungumzo peke yangu, nikiwa upande wake na upande wangu, na kila mara yanaishia kwenye ile bawaba.

Naogopa. Niseme wazi, naogopa kuliko siku aliyoondoka. Siku ile sikuwa na cha kupoteza tena. Kesho kila kitu kinarudi mkononi mwangu, na mkono wangu naujua.

Kwa hiyo nimechukua tahadhari. Baada ya kazi nimevuka barabara, nikaingia saluni. Mwenye saluni kaniuliza kama la kulia limeshapona. Nikamwonyesha. Akalisifu, akasema wengi hawana subira kama yangu. Kisha akanitoboa la kushoto.

Kanionya nisiliguse. Nami sijaligusa. Nimeizungusha hereni kidogo tu, kuona kama imekaa sawa, na tayari sikio limeanza kuwa la moto. Kesho akifika na begi lake, hatakosa cha kufanya.