Site ya Mouvement na Mambo ya Chini

Wananchi wote wa Bunia walijulishwa kwa radio kwamba vita, ijapokuwa haijaisha, imeingia awamu ya mapambo: Mouvement, kundi lenye silaha linalotawala mji, itakuwa na site, yaani tovuti, ya internet. Mzungu ataamka kwake Ulaya, aone uso wa Rais wa Mouvement hata kabla ya kahawa.

Kazi akapewa Adeline wa Ngezi, aliyejifunza Kampala kuandika kurasa za internet kwa mkono, alama moja moja. Mapambo hayakumhusu. Alitaka lese-pase tu, karatasi ya ruhusa ya safari, aende Mahagi kumchukua mtoto wake Falone, aliyekwama kwa nyanya yake miezi saba tangu barabara ifungwe. Maskini Adeline, usingizi wenyewe ulimkimbia. Na mtia sahihi alikuwa mmoja tu: Komisa Hippolyte, wa Habari na Safari.

Komisa akainama juu ya mashini ya kompyuta, akaruka.

"Adeline, hii mishale-mishale ni nini? Hii ni kode ya adui!"

"Hapana, Komisa. Site zote ziko vile kule chini."

"Chini? Mouvement haiko na chini!"

Kesho yake ikatoka desizio, yaani amri, namba 14. Kuandika site kwa mkono ni marufuku. Kuchungulia chini ya ukurasa ni upelelezi. Itatumika logisiele, programu ya kuvuta vitu kwa kipanya, ambamo "ile unaona, ndiyo iko." Komisa akajifungia nayo siku tisa. Adeline akapewa wadhifa wa kupangusa kipanya.

Siku ya tisa akaona chini ya picha ya Rais pengo kubwa jeupe.

"Komisa, hapa kuna kitu. Nichungulie?"

"Chungulia, na Mahagi usahau!"

Akarudi kupangusa kipanya.

Rais akaja kuzindua, na mawaziri kumi na wanane.

"Mbona nyeupe hivi? Weka kijani, rangi ya bendera."

"Excellence, nyeupe ni ya amani..."

"Amani tulishaongea sana. Weka kijani!"

Kipanya kikabofya. Ukurasa ukawa kijani, na pale kwenye pengo yakatokea maneno meupe, makubwa: RAIS MUPYA HIPPOLYTE AOKOA ITURI.

Mama yangu we! Komisa, aliyekuwa ameyaficha meupe juu ya weupe, akayavuta yatoke; yakazidi kunenepa.

"Ni adui, Excellence!"

"Desizio yako inasema ile unaona, ndiyo iko," alisema Rais. "Weye mama, unaweza kufuta?"

"Naweza, Excellence. Ila kuchungulia chini ni marufuku."

"Chungulia!"

Adeline akafungua chini, akafuta mstari mmoja. Walinzi wakamkaribia Komisa, wampeleke kwenye mahojiano ya kirafiki.

"Ngojeni kidogo," alisema Adeline, akatoa karatasi yake ya lese-pase. "Muhuri uko mu mufuko yake."

"Sababu ya safari?" akauliza Komisa, kwa mazoea.

"Mutoto wangu."

Komisa akatia sahihi, akagonga muhuri; mlinzi akamnyang'anya muhuri huo. Halafu Komisa akanong'ona:

"Adeline, dada yangu, nijazie na miye moja."

"Naijaza sasa hivi, Komisa. Lakini atatia sahihi nani?"