Sanduku ya Kweli ya Nkambo Alphonse

Jumatatu, tarehe 9 mwezi wa sita

Habari kubwa! Nkambo Alphonse, baba ya mama yangu, anahamia Kasungami kulima mahindi. Atelier yake ya hapa Hewa Bora, ya kutengeneza redio na vikuza sauti vya kanisa, itabaki kwa mujukulu moja. Ni mimi Osée, ao Gauthier, mutoto ya tantine Virginie. Jumapili, kisha misa, atatoa ufunguo.

Gauthier iko na diplome ya électronique. Mimi niliacha masomo mu troisième, ju baprofesa balichoka na maswali yangu. Lakini nani alikomalia mu ile atelier? Mimi! Nikiwa mudogo, nkambo alikuwa ananikalisha pa magoti mbele ya osilosikopi yake ya zamani, chombo ya kupima umeme. Tunapiga mluzi mu mikro, mustari ya kijani unacheza pa kioo. Niliuita nyoka. Harufu ya vumbi yenye kuungua, nkambo anaimba, mvua inapiga pa mabati. Ile nyoka ni ndugu yangu. Gauthier anaijua mu kitabu tu.

Jumanne, 10

Kumbe kuna mutihani! Nkambo ametoa mu armoire sanduku moja ya chuma, akaifunua kitambaa. Aliipewa siku balifunga laboratoire ya mine, kule mugodini kwenye alikuwa anatumika. Inatoa volti kumi, kumi kabisa, ili muntu ajue kama osilosikopi inasema kweli.

Akaanza tena hadithi yake. Wakati ule! Blouse nyeupe, ile koti ya kazi. Sirene asubuhi. Kila Jumatatu vyombo vyote vya kupimia vya mine vinapanga foleni, na muzungu ingénieur anangojea pa mulango mpaka nkambo aseme bon. Macho yake ikajaa maji. Yangu pia, lakini ile ilikuwa vumbi.

Mutihani ni huu: nyoka na sanduku bipatane. Kesho ni mimi, kesho kutwa ni Gauthier. Gauthier akaniuliza kama nitaleta nyundo. Nikamwambia alete diplome yake, tutaikunja tuweke chini ya ile meza yenye kutikisika.

Jumatano, 11

Ushindi! Kwanza, courant ya umeme ilikuwako. Ajabu. Nikaunganisha waya. Nyoka ilipaswa kupanda miraba tano, kila mraba volti mbili. Ilipanda ine na nusu. Basi moja kati yao iko mwongo.

Nikakaa, nikawaza kama mukubwa. Osilosikopi najua tangu sijaota meno, haijanidanganya hata siku moja. Sanduku je? Kila siku iko imefichwa mu armoire, imefunikwa. Muntu mwenye kujificha hivyo, polisi ingemuuliza kitambulisho.

Sanduku iko na vis moja kidogo, skrubu ya kuirekebisha, kichwa yake imefungwa na verni nyekundu. Nikakwangua. Nikazungusha. Nyoka ikapanda! Nikazungusha tena. Miraba tano, safi! Bilipatana kama bibi na bwana mbele ya padri. Kisha nikapaka pale verni ya kucha ya dada yangu Plamedie. Osilosikopi sikuifungua hata. Gauthier angeifungua yote, halafu angebaki na vis mukononi hajui zinatoka wapi.

Alhamisi, 12

Nilimchungulia Gauthier pa dirisha, ninakula karanga. Akawasha. Miraba tano. Akazima, akawasha tena. Miraba tano. Furaha gani! Nikamuuliza diplome yake inasema nini juu ya kazi yenye imekwisha.

Akainama, akanusa ile vis. Akanusa! Akasema toka lini sanduku ya mine inanukia binti mwenye kwenda harusini. Nikamjibu wivu ni zambi, aende kuungama. Hakuungama. Alienda dukani kununua pile mbili mupya, betri za volti tisa. Sikuelewa. Labda ya redio, ajifariji.

Jumapili, 15

Siku nyeusi.

Familia yote mu atelier. Nikawasha, nyoka ikapanda miraba tano, mama akapiga vigelegele, nkambo akanishika bega. Nikainama kama askofu. Gauthier akaomba ruhusa. Akatoa waya pa sanduku, akaitia pa ile pile ya volti tisa. Nyoka ikasema nane. Akaipima na apareyi yake ya mufukoni. Tisa. Pile ya pili: nyoka nane, apareyi tisa. Hata tantine Virginie aliacha kutafuna.

Nkambo akavaa miwani, akatazama vis kwa muda. Akaniuliza polepole: mukubwa, uligusa sanduku? Nikasema niliisaidia. Ulizungusha mara ngapi? Nikasema mpaka ilikubali.

Akakaa chini. Akasema ile verni alipaka Edouard, mwenzake wa kazi, siku ya mwisho. Walizima taa, wakapeana mikono, wakaenda. Edouard alikufa. Laboratoire sasa ni depo ya simenti. Hakuna tena nyumba mu muji huu ya kuuliza volti kumi ni ngapi, akasema. Ile ilikuwa kumi ya Edouard.

Hakunipiga. Ningependa anipige.

Jumatatu, 16

Ufunguo: Gauthier. Kazi yangu: kufagia. Turnevis ya kuzungusha vis sina ruhusa ya kushika, hata ya kukorogea chai.

Mbele ya taxi kufika, nkambo aliwasha osilosikopi, akaniita kando. Tukatazama ule mustari wa kijani, yeye na mimi. Akasema iko muzuri hata ikidanganya. Nikafurahi sana. Kisha akaenda, sanduku pa magoti, ameizungushia mikono yote mbili kama vile taxi ingeiamusha.

Jumanne, 17

Leo nilipitia kwa tantine Virginie, mwenye kuuza bunga pa soko. Alienda kusali kwa mugonjwa, akaniachia meza. Nikaona jambo. Mizani yake ya sahani na ile kilo ya chuma ya kuijaribia habipatane! Ukiweka kilo, mushale unapita moja.

Ile mizani najua. Ilinipima nikiwa mutoto muchanga, mama anasimulia mpaka leo. Haiwezi kudanganya. Lakini kilo? Kutwa iko imejificha chini ya meza, mu kitambaa. Inaonekana tu imenona.

Nikaazima tupa kwa muntu wa kutengeneza baiskeli. Nikakwangua chini, pale bantu habaone. Tena kidogo. Sasa mushale unasimama pa moja, wima kama askari. Bibi wa kwanza amenunua, amekwenda na bunga yake. Tantine bado hajarudi kuniambia asante.